Mtoto mwenye kidevu kidogo na njia ya hewa inayoziba: maswali na majibu

Mtoto wetu wa wiki mbili ana hali ya Pierre Robin: kidevu kimerudi nyuma na kaakaa limepasuka. Anakoroma hata akiwa macho, ila oksijeni inasoma asilimia 96. Tutulie?

Msitulie bado. Kipimo cha kidoleni hakionyeshi hewa chafu ya kaboni dayoksaidi inayobaki mwilini. Hiyo hupimwa kwa damu. Tena akiwa anaongezewa oksijeni, namba nzuri inaweza kuficha tatizo. Mvueni nguo mtazame kifua: je, shimo la chini ya koo na nyama za kati ya mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi? Fuatilieni na uzito. Mtoto wa umri huu hutarajiwa kuongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Anayehangaika kupumua huimalizia nguvu yake hapo. Na mkoromo ukikatika ghafla huku kifua kikiendelea kupambana, msidhani amepona. Hewa haipiti kabisa.

Kliniki walituambia mtoto alale chali, wodini wanamlaza kifudifudi. Nani yuko sahihi?

Wote. Chali ni kwa mtoto asiye na tatizo hili. Huyu akilala chali, ulimi huangukia koromeo. Kifudifudi, uzito wa ulimi wenyewe huuvuta mbele. Lakini kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini, kwa hiyo ni lazima kipimo cha oksijeni kiwe kimefungwa muda wote, godoro liwe gumu, na mto usiwepo. Mkao upimwe akiwa usingizini, maana akiwa macho misuli humsaidia.

Amewekewa mrija wa puani. Mbona unaziba mara kwa mara?

Kwa sababu ni mwembamba: kwa mtoto aliyezaliwa miezi ya mimba ikiwa imetimia, tundu la mrija kwa kawaida ni milimita 3 au 3.5, na ute mkavu kidogo tu unatosha kuuziba. Dondosheni matone machache ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha fyonzeni kwa katheta (mpira mwembamba wa kufyonzea ute) namba 6, bila kupita urefu wa mrija. Urefu hukadiriwa kutoka ncha ya pua hadi mbele ya tundu la sikio, halafu huhakikishwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani au eksirei ya ubavuni. Ukiwa mfupi, ulimi bado unaziba. Ukiwa mrefu, mtoto hukohoa na kutapika. Ukingo wa tundu la pua ukigeuka mweupe, mrija unabana na kidonda kinakuja. Kando ya kitanda wekeni mwingine wa namba hiyohiyo na mmoja mdogo zaidi.

Upasuaji wa kurefusha taya ufanyike lini?

Mkao na mrija vikishindwa, na baada ya kamera kuonyesha kwamba kizuizi kiko nyuma ya ulimi. Kikiwa kwenye zoloto (kisanduku cha sauti) au chini zaidi, kurefusha taya hakusaidii, na huenda akahitaji tundu la kupumulia shingoni. Mfupa hukatwa pande zote mbili, kisha kifaa huusogeza milimita 1 hadi 2 kwa siku. Ukishafika urefu unaotakiwa, kifaa hubaki wiki kadhaa mfupa ukomae. Vijimbegu vya meno na mishipa ya fahamu vinaweza kuumia.

Wetu ana kidevu cha kawaida, ila hugeuka buluu akinyonya na akilia rangi hurudi.

Hiyo inaashiria pua iliyoziba kwa nyuma, pande zote. Akilia anavutia hewa mdomoni. Kulazwa kifudifudi hakutamsaidia: awekewe kifaa cha kuacha mdomo wazi, alishwe kwa mpira unaopitia mdomoni hadi tumboni, na apelekwe hospitali leo.