Kusaini barua ya karipio siyo kukiri kosa

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi hapa Dodoma. Nimepewa barua ya karipio kwa kuchelewesha ripoti ya mwezi. Wenzangu wanasema nikisaini nimekubali kosa. Jamaa wa steshenari ameniandikia "barua ya kulikataa karipio", picha yake nimekutumia. Niipeleke? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Usiipeleke. Saini barua ya mwajiri, ila juu ya jina lako andika kwa mkono: "Nimeipokea leo. Sikubaliani na yaliyomo, maelezo yangu yanafuata." Weka tarehe, dai nakala.

Hili la "ukisaini umekwisha" limenichosha. Saini ile inaonyesha barua imekufikia, basi. Ukikataa, ofisa utumishi anamwita shahidi, mara nyingi mlinzi wa getini, wanaandika "amekataa kupokea" na barua inaingia kwenye jalada lako vilevile. Kikao cha nidhamu kikiitishwa kesho, kitakuta maneno ya mwajiri peke yake, na wewe umeshaonekana mkaidi.

Cha kuuliza ni kama ulipewa nafasi ya kujieleza kabla. Karipio ni adhabu tayari. Kama lilikuja ghafla, hiyo ndiyo hoja ya kuweka kwenye maelezo yako. Na mkifika kikaoni, kanuni za utendaji bora kazini za 2007 zinakupa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, pamoja na haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Sasa hiyo barua ya steshenari. Imejaa vifungu vya Sheria ya Utumishi wa Umma, wakati wewe siyo mtumishi wa umma! Aya ya mwisho inamtishia mwajiri kwa Mahakama Kuu, kwa ripoti iliyochelewa. Mwandishi ana fomu moja kwenye kompyuta, anabadilisha majina tu.

Kwako hasara ni fedheha. Waliofukuzwa kazi ndio wanaoumia zaidi: wanaandikiwa barua za "kupinga" moja baada ya nyingine, wanasubiri majibu ya mwajiri, kumbe siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, zinakatika. Wakija kwetu kuomba msaada, kabla ya kugusa kufukuzwa kwenyewe tunaanza kuomba waruhusiwe kufungua nje ya muda, na "nilikuwa nasubiri anijibu" ni sababu dhaifu sana.