Farasi wa Baharini Afa Njaa Chakula Kikiwa Mbele Yake

SWALI: Nimenunua farasi wa baharini wawili kwa mvuvi, nikawatia kwenye tangi langu la lita 60 lenye samaki klauni watatu. Nawapa uduvi mkavu asubuhi na jioni. Klauni wananawiri, lakini farasi wamekonda mpaka pingili za tumbo zinahesabika. Leo ni wiki ya pili. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Watenganishe leo hii, ndugu yetu. Kwa maelezo yako, kinachowamaliza kwanza ni njaa. Farasi wa baharini hana meno, wala hana mfuko wa tumbo wa kuhifadhi chakula. Anachomeza hupita utumboni upesi, ndiyo maana anataka kula kidogo kidogo, mara nyingi. Tena si mwindaji wa mbio. Mtazame akila: mkia umeng'ang'ania jani, jicho moja linamfuata uduvi huku jingine likizunguka kivyake, anainamisha shingo polepole, kisha tik, mdomo wa mrija umeshamfyonza. Kabla hajamaliza kumpimia uduvi mmoja, klauni wameshafagia tangi zima.

Uduvi mkavu uache kabisa. Farasi aliyetoka baharini anajua kuwinda kinachoogelea tu, na kitu kigumu hawezi kukitafuna. Anza na uduvi hai wadogo, au atemia (vijiduvi wa maji ya chumvi) wakubwa walio hai, milo mitatu kwa siku. Atemia peke yao hawana lishe ya kutosha, kwa hiyo wawe daraja tu la kumfikisha kwenye misisi, aina ya uduvi wadogo, waliogandishwa. Yeyusha misisi ndani ya kikombe cha maji ya tangi, wasuuze kwenye chujio la chai, uwachanganye wachache na walio hai. Wadondoshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano mbele ya mdomo wake, ukiwatikisa kidogo ili waonekane wanaogelea. Zidisha waliokufa siku hadi siku. Wengine huchukua wiki mbili au tatu kukubali, usikate tamaa. Akishazoea, mlishe juu ya kisosi mahali pamoja kila siku, na baada ya nusu saa nyonya mabaki yote. Mabaki yakioza huzaa sumu ya amonia, na amonia inatakiwa isomeke sifuri.

Tangi jipya liwe la lita 110 au zaidi kwa hao wawili, kina kisipungue sentimita 45, na liwe limeendeshwa wiki nne hadi sita ili bakteria wa chujio wanaoondoa amonia wajijenge. Kwa sasa, maadamu huna, tumia tangi lolote safi lenye chujio la sponji, pima amonia kila siku na ubadilishe maji inapopanda. Weka vitu vya kushikia mkia, hata majani ya plastiki, na funika mdomo wa pampu kwa sponji usije ukanyonya mkia.

SWALI: Maji yangu hufika nyuzi 29 mchana. Farasi wangu ameota vipovu chini ya ngozi ya mkia. Nivitoboe?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usitoboe, utafungua njia ya vijidudu. Huo ni ugonjwa wa vipovu vya gesi. Mpeleke haraka kwa daktari wa mifugo anayejua samaki. Ipo dawa ya asetazolamidi, lakini kipimo apange yeye. Wewe kagua kama pampu inavuta hewa kwenye kiungo cha mpira.

Baharini huko nje joto hilo farasi wetu analivumilia. Ndani ya tangi dogo lenye uchafu, bakteria wa vibrio huongezeka upesi maji yakipata joto, kwa hiyo lenga nyuzi 24. Feni juu ya maji hupunguza nyuzi mbili tatu, ila unyevu wa Pwani huifanya isifue dafu sana; mashine ya kupozea maji ndiyo ya uhakika. Maji yanayopungua kwa feni fidia kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipai na mvuke.

SWALI: Naweza kumtumia ndugu yangu Oman wawili kama zawadi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Bila kibali hapana. Farasi wa baharini wa jamii zote wamo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kwao masharti yake yanafanya kazi tangu Mei 2004. Ndugu yako akiwatafuta huko huko, achague waliozalishwa kwenye matangi: wengi huwa wameshazoea misisi wa kugandishwa.