Kijana aliandamana, mjomba wake ni polisi: Warumi 13 inamshika nani?

SWALI: Bwana asifiwe Pastor. Kijana wangu alikuwa town Juni 25, 2024 na wenzake wakipinga ule Mswada wa Fedha. Ndugu yangu mdogo ni polisi na siku hiyo alikuwa kazini hapo hapo town. Wote ni washirika wa kanisa letu. Tangu hiyo siku hawaongei, kijana akiona mjomba wake kwa laini ya Meza ya Bwana anarudi kukaa. Mchungaji wetu alisoma Warumi 13 akasema wanaoandamana wanashindana na Mungu. Ni kweli? Na kati yao nani ametenda dhambi?

JIBU: Amina mama, na pole kwa hiyo mambo ya nyumbani.

Hiyo Warumi 13 imesomwa sana kwa makanisa yetu kila serikali ikitikisika, ilisomwa enzi za Moi na ikasomwa tena 2024, shida ni kwamba wengi wakifika mstari wa pili wanafunga Biblia. Songa hadi wa nne, Paulo anasema mwenye mamlaka ni "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema". Kumbe na yeye ametumwa, ana kazi amepewa, na asipoifanya anaulizwa.

Alafu hebu muangalie huyo Paulo mwenyewe. Pale Filipi, Matendo 16, walimchapa hadharani yeye na Sila bila kesi yoyote wakawatupa jela, asubuhi wakubwa wakatuma watu waseme haya wafunguliwe waende zao. Mimi ningeenda mbio sana. Paulo akakataa kutoka, akasema sisi ni raia wa Rumi na mmetupiga mbele ya watu bila hukumu, sasa mnataka kututoa kisirisiri? Waje wenyewe. Na wakaja, wakawabembeleza! Sura ya 22 ako Yerusalemu, ameshafungwa kamba tayari kwa viboko, anamuuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Sura ya 25 anakata rufaa kwa Kaisari. Huyu ndiye aliyeandika Warumi 13, mtu anayejua sheria ya nchi na hana aibu kuwabana wakubwa nayo.

Sasa sheria yetu inasemaje? Katiba ya 2010 kifungu cha 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Kwa hivyo kijana aliyetembea na bendera na chupa ya maji hakushindana na mamlaka, alisimama ndani ya ile sheria ambayo Rais na wabunge waliapa kuilinda. Lakini kuna wenye walivunja maduka siku hiyo, kuna wenye walichoma. Muulize wako mikono yake ilifanya nini. Kama alibeba hata soda ya mtu, Zakayo alirudisha mara nne, yeye aanze na mara moja.

Ndugu yako naye. Luka 3:14 askari walimuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, na hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasidhulumu mtu, wasishtaki mtu kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Kwa hivyo uniform peke yake si dhambi, kijana akubali hilo. Lakini ile ya "niliamriwa" haimtoi mtu kwa Mungu. Wakunga wa Misri, Shifra na Pua, waliamriwa na Farao mwenyewe waue watoto wakagoma, na Mungu akawatendea mema. Kuna askari nimewahi kukaa naye akaniambia kitu kilichomnyima usingizi ni kwamba ule umati uliimba wimbo wa taifa, akajikuta midomo yake ndani ya helmeti inafuata "haki iwe ngao na mlinzi", na kabla ubeti haujaisha amri ikaja warushe vitoza machozi. Huyo dhamiri yake bado iko hai, na pengine ndugu yako yuko hivyo tu na hana wa kumwambia.

Kuhusu mchungaji wenu, simtukani, lakini mwende mkamwone kwa heshima mumuulize mbona vijana hawasikii hilo andiko likitoka kwake. Jibu mara nyingi ni bahasha za wanasiasa. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Katoliki Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zile shilingi milioni 2.6 Rais Ruto alitoa kwa parokia ya Soweto, Nairobi, zirudishwe, na vijana walimsikiliza kuliko mahubiri kumi. Na kusema ukweli kwa wakubwa si kitu Gen Z wameleta kanisani: mchungaji wa Presbyterian Timothy Njoya alihubiri dhidi ya utawala wa chama kimoja mwaka mpya wa 1990, na Askofu Alexander Muge wa Anglikana alitishwa na waziri asikanyage Busia, akaenda, akafa barabarani akirudi, Agosti 14 mwaka huo huo.

Meza ya Bwana sasa. Mathayo 5:23-24 inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka uende mpatane kwanza. Inamhusu mjomba zaidi kuliko kijana, yeye ndiye mkubwa na ndiye alikuwa na bunduki, kwa hivyo aanze yeye. Waite siku ya kawaida, si Jumapili, pamoja na mzee mmoja wa kanisa asiye na upande. Kijana aulize, mjomba aseme alikuwa wapi na alifanya nini, na sauti zikipanda wewe usiwakatize. Ikitokea alimpiga mtu risasi au anajua nani alipiga, maombi pekee hayatoshi mama, toba hiyo inafika mpaka IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, kuandikisha taarifa, na hapo kijana amsindikize.