Namba imeisha au bado? Ovalapu na simu inayochelewa kuita

Swali: Habari mtaalamu. Ofisini tuna PBX (mtambo wa simu wa ofisi) inayotumia programu ya Asterisk, iliyounganishwa na kampuni ya simu kwa laini ya E1 ya ISDN, yaani laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja. Simu za mezani ni za analogia na zinapitia kwenye adapta. Nina shida mbili. Mtu akishapiga namba ya nje kunakuwa kimya, wakati mwingine karibu sekunde 20, ndipo inaita. Halafu baadhi ya namba za kimataifa, zile ndefu, hazitoki kabisa. Kwenye logi naona sababu namba 28. Fundi mmoja ameniambia niwashe ovalapu (kutuma tarakimu kabla namba haijaisha) kila mahali na yote yataisha. Baadaye tunataka kuhamia trunki ya SIP, yaani laini ya simu inayopita kwenye mtandao wa data. Nimsikilize?

Jibu: Ndugu msomaji, usiwashe chochote kwanza. Fundi hajakosea kuitaja ovalapu, ila kuiwasha kila mahali kutaongeza vituo vya kusubiri badala ya kuvipunguza. Shida zako zote mbili zinatokana na swali moja: njiani kutoka kwa mpigaji hadi kwenye mtandao, ni chombo kipi kinachojua kwamba namba imekamilika? Kwa maelezo yako, naona viwili vinakisia, na kila kimoja kinakisia kwa muda wake.

Tarakimu hupelekwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwa mkupuo: chombo hukusanya namba nzima, kisha huituma mara moja. Ndivyo simu ya mkononi inavyofanya, maana mpigaji mwenyewe hubonyeza kitufe cha kupiga na hapo anakuwa ametangaza mwisho wa namba. Ya pili ni ovalapu: tarakimu za mwanzo huondoka wakati mpigaji bado anabonyeza, na zilizobaki hufuata moja moja au kwa mafungu.

Ovalapu ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika mitambo ya Strowger, ile ya zamani ya kuunganisha simu kimakanika, hapakuwa na njia nyingine, kwa sababu kila tarakimu ilisogeza kiteuzi papo hapo na hapakuwa na mahali pa kuihifadhi namba. Hata mitambo yenye kumbukumbu ilipokuja, bado iliokoa muda. Simu ya kuzungusha hutoa mipigo 10 kwa sekunde, kwa hiyo sifuri peke yake inakula sekunde nzima. Mtandao ulikuwa unatafuta njia huku namba ikiendelea kuingia. Simu ya vitufe inayopiga namba kutoka kwenye kumbukumbu humaliza tarakimu 10 kwa takriban sekunde moja, basi faida hiyo imekuwa ndogo mno. Kinachoitetea ovalapu leo ni mipango ya namba isiyo na urefu maalumu, kama ya Ujerumani na Austria, ambako tarakimu za ekstensheni (namba ya ndani ya ofisi) huongezwa tu mwishoni mwa namba ya kampuni na mtandao haujui zitakuwa ngapi.

Sasa tuje kwenye E1 yako. PBX ikitaka kupiga, hutuma ujumbe wa SETUP, yaani ombi la kuanzisha simu. Ukiwa na namba nzima pamoja na alama ya Sending Complete, mtandao hauna cha kungoja. Hujibu CALL PROCEEDING na kuendelea. Lakini alama ikikosekana, na mtandao usiweze kujua kwa tarakimu zenyewe kwamba namba imetimia, hujibu SETUP ACKNOWLEDGE, yaani "nimepokea, endelea", kisha huwasha taima ya T302. Kiwango cha Q.931, kinachoongoza ujumbe wa ISDN, kinaipa taima hiyo sekunde 10 hadi 15 upande wa mtandao, na kila ujumbe wa INFORMATION ukileta tarakimu nyingine, inaanza upya. Wewe huna tarakimu nyingine ya kuleta. Mtandao unakaa tu unasubiri.

Na kabla ya hapo adapta yako nayo imeshasubiri. Mtumiaji akiacha kubonyeza, adapta huhesabu sekunde kadhaa ndipo iamini kwamba amemaliza. Jumlisha sekunde 5 za adapta na 15 za T302, unapata ukimya wako.

Hayo bado ni makisio yangu mpaka uyathibitishe. Washa ufuatiliaji wa ujumbe wa ISDN kwenye Asterisk, piga namba moja, na utazame saa. Ukiona SETUP inachelewa kuondoka, mchelewaji yuko upande wako: adapta au mpango wa upigaji. Ukiona SETUP imeondoka mapema, ikajibiwa SETUP ACKNOWLEDGE, kisha kukawa kimya hadi CALL PROCEEDING, anayesubiri ni mtandao, na dawa yake ni kutuma kwa mkupuo ukiwa na Sending Complete. Katika chan_dahdi.conf, faili la mipangilio ya Asterisk, angalia mpangilio wa overlapdial. Unakubali kuwashwa kwa simu zinazoingia peke yake au zinazotoka peke yake, na zinazotoka hazihitaji ovalapu hapo kwako.

Sababu namba 28 maana yake namba haijakamilika au muundo wake si sahihi. Ningeanza kuitafuta kwenye ramani ya tarakimu ya adapta, yaani kanuni zinazoiambia namba ipi imetimia na itumwe lini. Ramani nyingi zilizonakiliwa kutoka mahali pengine huweka kikomo cha tarakimu 12 baada ya 00, kikomo kilichokuwa sahihi hadi mwisho wa 1996. Tangu hapo kiwango cha E.164, cha namba za simu za kimataifa, kinaruhusu hadi 15, msimbo wa nchi ukiwemo. Namba ya mkononi ya China ina tarakimu 11; ongeza 86, zinakuwa 13. Adapta yenye kikomo cha 12 itaituma namba ikiwa imekatwa mkia, tarakimu ya mwisho inapotea, na mtandao unakujibu 28 kwa haki kabisa. Panua ramani ifike 15 baada ya 00, na ruhusu # iwe alama ya kumaliza kwa wasiotaka kusubiri. Angalia tu # isivunje kodi za huduma zinazoanza na nyota, maana nyingi nazo huishia na #.

Usikimbilie kushusha taima ya adapta hadi sekunde 2. Kuna watu husoma namba kutoka kwenye karatasi, tarakimu tatu, wanainua macho, tarakimu tatu nyingine. Afadhali ramani iwe na urefu kamili kwa namba ambazo urefu wake unajulikana, ili ziondoke mara tarakimu ya mwisho inapoingia, na taima ibaki kwa za kimataifa tu.

Kuhusu SIP, hapo nina msimamo mkali zaidi: kusanya namba nzima kabla ya kutuma. RFC 3578, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2003, inaeleza jinsi ya kupitisha ovalapu ndani ya SIP. Kila tarakimu zinapoongezeka hutumwa INVITE (ombi la kupiga simu la SIP) mpya yenye namba iliyorefuka, na zilizotangulia hujibiwa 484, yaani namba bado haijatosha. Waraka huohuo unapendekeza kwanza namba igeuzwe kuwa ya mkupuo getini, pale simu inapoingia kwenye SIP, nami naafiki. INVITE hizo zinaweza kupita njia tofauti na kufikia vifaa tofauti, kila kimoja kikiwa na kipande cha namba. Isitoshe, seva moja ikijibu 404 mahali pa 484, simu inakufa kabla mpigaji hajamaliza, kwa kuwa 404 inasema namba hiyo haipo.

Simu zinazoingia ni habari nyingine. Kampuni ya simu ikikuletea tarakimu za ekstensheni moja moja, hapo ovalapu ya kupokea lazima iwe imewashwa, na PBX ijue kungoja.

Ukishamaliza hayo, pitia ekstensheni zako. Kukiwa na 20 na 201 kwa pamoja, anayepiga 20 atasubiri taima kila mara. Na usimpe mtu ekstensheni inayoanza na tarakimu za namba ya dharura. Kama ni 112, basi 1120 hadi 1129 zibaki tupu, na 112 iwekwe kwenye ramani iondoke papo hapo bila taima yoyote.