Mkono wa Shaba, Geti la Kukunja: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Lifti za Kale

Safari iliyopita niligusia kwa ufupi lifti za kuendeshwa kwa mkono, zile zilizobaki katika majengo ya zamani. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotarajia. Yaliyofanana nimeyaunganisha, mengine nimeyafupisha bila kuyageuza maana.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo. Kila lifti ya kale niliyopanda ilikuwa ya polepole, ina kelele, na inatikisika. Watu wanaipendea nini?

Marahaba. Kasoro zote tatu ni za kweli, siwezi kuzipinga. Lakini fikiria safari yako ya mwisho katika lifti ya kisasa. Milango ilifungwa, namba zikabadilika, milango ikafunguka. Mtu angekuambia kwamba wewe ulibaki palepale na jengo ndilo lililoshuka, usingekuwa na ushahidi wa kumpinga.

Katika lifti ya kizimba cha chuma ushahidi umekuzunguka pande zote. Ngazi zinajikunja nje ya kizimba, sakafu za ghorofa zinashuka moja moja mbele ya macho yako, na katikati ya safari ule uzito mkubwa wa chuma unaoisawazisha lifti unakupita ubavuni, wenyewe ukishuka nawe ukipanda. Unaelewa kinachokubeba. Kwangu mimi huo ndio mvuto wenyewe, na ndiyo maana sikubali wanaposema ni mapenzi ya vitu vya zamani tu. Mtoto asiyejua chochote kuhusu zamani akiingizwa humo hubandika uso kwenye nondo na kutazama.

Kwa kuwa unasomea usanifu, kuna jambo litakufaa. Katika miji kama Paris na Barcelona, nyumba nyingi zilijengwa kabla lifti hazijawa kitu cha kawaida. Zilipoingia hazikuwa na mahali pa kukaa, zikapachikwa katika uwazi ulioachwa katikati ya ngazi. Hapakuwa na ukuta wa kuzifichia, kwa hiyo mafundi wa chuma wakazifumia kizimba chenye maua na mikunjo kinacholingana na vishikio vya ngazi. Linganisha na Bradbury Building ya Los Angeles, ya mwaka 1893. Pale msanifu alikuwa na nafasi ya kutosha na bado lifti ziliachwa wazi, ndani ya ukumbi wenye paa la kioo, ili mtu aliye chini aone mwenzake akipanda. Chora michoro ya namna zote mbili uone tofauti yake.

Mnaposema "lifti ya mkono", mna maana mtu anaivuta kwa nguvu zake?

Mara nyingine ndiyo, ila jina hilo limebeba mashine tatu tofauti.

Ya kwanza ni ya misuli kweli. Kamba isiyo na mwisho inazunguka gurudumu kubwa juu ya shimo la lifti; unaivuta mkono kwa mkono, gurudumu linageuza gurudumu dogo lenye kamba ya kubebea, na uzito wa kusawazisha unakupunguzia kazi. Zilitumika sana kupandishia mizigo kwenye maghala. Wazo lenyewe ni la kale mno: chini ya uwanja wa Colosseum mjini Roma, watu walizungusha magogo ya kukunjia kamba ili kuwapandisha wanyama hadi ulingoni. Na mwaka 1743 mfalme Louis XV wa Ufaransa alitengenezewa kiti cha kupaa katika kasri la Versailles, kikivutwa kwa kamba na uzito wa kusawazisha.

Ya pili ina injini ya mvuke, nguvu ya maji, au umeme. Mkono unatoa amri tu. Kamba imepita ndani ya chumba cha lifti kutoka sakafuni hadi darini, imeungana na vali au swichi ya mtambo. Ukitaka kupanda unaivuta chini. Ukitaka kushuka unaivuta juu. Wageni walilichanganya hilo kila mara, lakini lina sababu. Karibu na mwisho wa njia kuna kinundu kwenye kamba. Lifti ikifika inakigonga, inakisukuma kule inakoelekea, na hivyo inaitengua amri uliyotoa na kujisimamisha yenyewe.

Ya tatu ndiyo wengi wanayoifikiria: mkono wa shaba uliofungwa kwenye kisanduku cha mviringo ukutani. Upande mmoja kupanda, upande wa pili kushuka, katikati kusimama. Ukiuachia, springi huurudisha katikati na lifti inasimama, kwa hiyo hata mwendeshaji akizimia njiani haiendi bila mtu.

Mwendesha lifti alikuwa anafanya kazi gani hasa? Si kubonyeza tu?

Swali hili nimelipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapowadhulumu waliofanya kazi hiyo.

Hapakuwa na cha kubonyeza. Lifti ya mkono haijui ghorofa. Inajua kwenda na kusimama, basi. Kuifikisha sakafu ya lifti usawa mmoja na sakafu ya ghorofa ilikuwa kazi ya jicho na kiganja cha mwendeshaji. Ilimbidi auachie mkono kabla ya kufika, maana lifti huteleza kidogo baada ya umeme kukatwa. Swali ni kabla kwa kiasi gani.

Uzito wa kusawazisha huwekwa sawa na uzito wa chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wake. Kwa hiyo lifti tupu ni nyepesi kuliko uzito ulio upande wa pili: ikipanda inavutwa juu, inataka kupitiliza. Iliyojaa watu ni nzito kuliko uzito ule: ikishuka ndiyo inayotaka kupitiliza. Mwendeshaji alihesabu watu walioingia, akaangalia mwelekeo, akachagua mahali pa kuachia, mara mamia kwa siku, huku akisikiliza kengele na kutazama kibao chenye vidirisha vinavyoonyesha ni ghorofa gani zinaita. Akikosea, alirudi nyuma kwa miguso mifupi mifupi hadi sakafu zikutane. Asipofanya hivyo, abiria anajikwaa.

Niliwahi kupanda na mzee aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Tulikuwa wanne. Alitutupia jicho mara moja, akafunga geti, na ghorofa ya tano akasimamisha lifti bila hata kutazama chini. Niliinama kuangalia kizingiti: ungeweza kuvingirisha sarafu kutoka ndani hadi nje isikwame. Nilimuuliza anajuaje. Akaweka kiganja ukutani, akaniambia husikia mtikisiko ukibadilika.

Umuhimu wao ulionekana walipokosekana. Septemba 1945, wafanyakazi wapatao 15,000 wa majengo ya New York, waendesha lifti wakiwa mstari wa mbele, waligoma. Biashara katika jiji la maghorofa ikakwama kwa siku kadhaa. Vitufe vilikuwa vimeshabuniwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 na kutumika katika majengo madogo, lakini baada ya mgomo ule wenye majengo makubwa walivitazama kwa jicho jipya. Mwaka 1950 kampuni ya lifti ya Otis ilifunga huko Dallas, Marekani, lifti za jengo la ofisi zisizohitaji mwendeshaji, na kazi ile ikaanza kufifia.

Bibi yangu hakanyagi lifti ya kale. Anasema kamba itakatika. Nimwambie nini?

Mpe heshima yake kwanza, maana hofu hiyo ndiyo iliyozaa lifti ya abiria. Elisha Otis, mwanzilishi wa kampuni ile ya Otis, hakubuni lifti, zilikuwepo. Alichobuni ni breki. Mwaka 1854, katika maonyesho ya Crystal Palace mjini New York, alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo tu, likasimama. Kamba ilikuwa imeshikilia springi ikiwa imepinda. Ilipolegea, springi ikanyooka na kusukuma meno ya chuma yakajikita kwenye reli za pembeni.

Baadaye ikaongezwa kidhibiti mwendo: lifti ikizidi kasi iliyowekwa, kamba yake ndogo inakamatwa na kuamsha breki zinazoshika reli. Na kwa kawaida lifti ya abiria haining'inii kwa kamba moja, bali kadhaa za waya.

Sitamficha bibi yako kwamba imewahi kutokea. Tarehe 28 Julai 1945 ndege ya kijeshi iliyopotea kwenye ukungu iligonga jengo la Empire State. Kamba za lifti zikaharibiwa, na mwendesha lifti Betty Lou Oliver akaanguka ghorofa 75. Aliumia vibaya, akapona. Ilihitaji ndege kufanya hayo.

Hatari ya kweli ya lifti za kale iko mlangoni, na hapo nataka umsisitizie kila aliye na watoto. Geti la kukunja lina matundu yanayofunguka na kujibana kama mkasi. Kidole kikiwa ndani, kinasagika. Kati ya mlango wa ghorofa na geti la lifti mara nyingine kuna nafasi inayoweza kumeza mtoto mdogo, na lifti ikaondoka naye akiwa hapo. Na kuna milango ya ghorofa ambayo, kufuli likichakaa, hufunguka hata kama lifti haipo. Usiingie mlango uliofunguka kabla hujaiona sakafu kwa macho yako.

Kwa nini nyingine zina kiti na kioo?

Kwa sababu zilifikiriwa kuwa vyumba. Mwaka 1829, katika jengo la Colosseum la Regent's Park, London, wageni walipandishwa kutazama mandhari kwa kitu kilichoitwa chumba kinachopanda. Na safari ilichukua muda: lifti ya kwanza ya abiria ya Otis, iliyofunguliwa Machi 1857 katika duka la Haughwout, New York, ilikwenda mita 12 hivi kwa dakika. Mtu aliyevaa gauni zito alistahili pa kukaa.

Jengo letu lina lifti ya kizimba. Kamati ya wakazi imegawanyika: wengine wanataka ing'olewe, wengine ibaki ilivyo. Unatushauri nini?

Pande zote mbili zinakosea kidogo. Kuiacha kama ilivyo, kama haijafanyiwa kazi kwa miongo, ni kucheza na watu.

Anzeni na mhandisi wa lifti asiye na lifti mpya ya kuwauzia. Mwombeni aitenge mashine katika mafungu mawili. Kamba, mota, breki, nyaya za umeme na mtambo wa kuongoza vinaweza kubadilishwa bila jicho la abiria kupoteza kitu. Kizimba, chumba cha mbao, geti, taa na ule mkono wa shaba ndivyo vya kupigania. Kufuli za umeme zinaweza kufichwa ndani ya milango ya zamani, ili lifti isiondoke mlango ukiwa wazi na mlango usifunguke lifti ikiwa haipo. Nyuma ya matundu ya kizimba hufungwa vioo vigumu au plastiki angavu inayozuia vidole. Hata mkono wenyewe unaweza kubaki na kazi: unautuma, na mtambo mpya unaisimamisha lifti usawa wa sakafu.

Ufaransa ilipitisha mwaka 2003 sheria ya kulazimisha lifti zote za zamani ziongezewe usalama kwa hatua, na bado vizimba vingi vya Paris vinatumika. Inawezekana.

Jambo ambalo ningelipinga kwa nguvu ni kuizima na kuiacha ghorofa ya chini kama pambo lenye maua ndani. Lakini kama mmoja wenu anatumia kiti cha magurudumu na chumba cha lifti hakimtoshi, yeye anatangulia mbele ya shaba yote. Tafuteni mahali pa lifti ya pili, ukumbini au uani, kabla hamjazungumzia kizimba.

Je, paternoster ni lifti ya mkono?

Hapana. Ile ni mnyororo wa vyumba vidogo visivyo na milango, unaozunguka bila kusimama, nawe unarukia na kushuka ukiwa kwenye mwendo. Jina limetoka kwenye tasbihi ya sala ya Baba Yetu kwa Kilatini. Ujerumani, ambako zilipendwa sana, ilizuia kujengwa mpya mwaka 1974. Nazipenda pia, ila hazina mtu wa kuziongoza, na leo nilitaka kumzungumzia yeye.

Nitapanda lifti ya namna hii kwa mara ya kwanza wiki ijayo, na hakuna mwendeshaji. Nifanye nini nisiharibu kitu?

Subiri isimame kabisa, ndipo ufungue mlango wa ghorofa, kisha geti. Ingia, funga kwa mpangilio uleule: mlango wa nje kwanza, geti baadaye, ukilisukuma kwa kishikio chake na si kwa kushika nondo. Lisipofika mwisho lifti haitaondoka. Usilipige, lirudishe kidogo ulisukume tena mpaka usikie mlio wa kufuli. Ukishuka, funga vyote viwili nyuma yako. Wengi husahau, na aliye ghorofa ya chini anabaki anaita lifti ambayo, kwa sababu ya geti lako, haiwezi kumjia.