Ashwagandha na hamu ya tendo la ndoa

Ndugu, umesema hamu imepotea miezi kadhaa, unatumia dawa za presha, na umenunua unga wa ashwagandha, mmea wa dawa wa India. Anza na hizo dawa za presha: baadhi yake hushusha hamu. Usiziache, mwambie daktari akubadilishie. Pima pia sukari, na homoni ya testosteroni asubuhi.

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, tawi la vajikarana, linaloshughulika na nguvu za tendo la ndoa, halianzi na dawa. Linaanza na tumbo: mwenye choo kigumu au gesi hutibiwa hilo kwanza, maana dawa hizi ni nzito. Hapo ndipo wengi hukosea, wanakunywa wakiwa wamevimbiwa, wanaishia kuharisha.

Unga uwe wa mzizi mtupu, si majani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 3, koroga kwenye kikombe cha maziwa, chemsha moto mdogo dakika 5, tia samli nusu kijiko. Asali weka maziwa yakishapoa. Ayurveda inakataza kuipasha moto. Kunywa usiku, na upe wiki 8 kabla ya kuhukumu.

Usitumie kama una tatizo la ini au tezi ya shingo, au unameza dawa za usingizi. Kwa kuwa inaweza kushusha presha zaidi, daktari ajue kwanza. Macho au mkojo ukigeuka manjano, acha siku hiyo hiyo uende hospitali.

Vidonge vinavyoahidi nguvu ndani ya saa moja, ogopa sana. Vingi huchanganywa sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra, kwa siri, na kwa anayetumia dawa za nitrati za moyo vinaweza kuua. Bhasma, yaani dawa za majivu za Ayurveda, nazo zina madini, nyingine zebaki na risasi.