Kiuno kinachojikunja na shingo inayopanuka: jibu kwa dada wa Ngaramtoni

Dada, pole na kazi. Umeuliza mambo mawili. Sketi yako ya kitenge, mkanda unajikunja ukikaa, na ikifika jioni umelegea mpaka sketi inateremkia nyongani. Halafu blauzi uliyomshonea mama yako imepanuka shingo, na kile kipande cha ndani kinachungulia nje kila akiinama. Umesema umebadilisha sindano, umekaza uzi, na cherehani umeipeleka kwa fundi, lakini hali ni ile ile. Nitakujibu kwa urefu, maana mimi pia nililaumu cherehani yangu kwa karibu miaka miwili, na haikuwa na kosa.

Kiuno na shingo vinaharibikia mezani, kwenye kukata na kupiga pasi. Cherehani inapokea tu kilichokwisha kuharibika.

Chukua kipande cha kitenge sasa hivi ujaribu. Kivute kwa kufuata ukingo wake, ule wenye maandishi: hakitoi kitu. Kivute kwa upana: kinaachia kidogo. Kivute pembe kwa pembe: kinarefuka kama mpira. Nyuzi za mtande, zinazokwenda sambamba na ukingo, zilikazwa sana wakati wa kufuma, kwa hiyo hazina pa kwenda. Za mshindio zinapita juu na chini ya mtande, zina mikunjo midogo, na ukizivuta mikunjo ile inanyooka. Kwenye mshazari, yaani pembe kwa pembe, hakuna uzi wowote unaokuzuia. Sasa tazama shingo ya mviringo: katikati imelala sawa na mshindio, lakini ikipanda kuelekea mabegani inapita mshazari pande zote mbili. Kiuno cha sketi ya mwinamo, ile inayopanuka kwenda chini, nacho kina sehemu kama hizo. Kwa hiyo ukiinua tu kile kipande kutoka mezani kwa kushika shingo, umeshaanza kuipanua.

Mimi nililijua hilo kwa blauzi 14 za kwaya ya akina mama, hapa Moshi. Nilizikata zote kwa siku moja, nikaunga mabega, nikazitundika kwenye henga ili nishone sketi zake kwanza. Zikakaa hapo wiki tatu. Nilipozirudia, vipande vya ndani vya shingo nilivyokuwa nimekata kwa karatasi ile ile havikufika. Vilipungua karibu inchi moja. Nikadhani nimekosea kukata, nikavivuta mpaka vikafika, nikashona. Jumapili ya kwanza, akina mama waliposimama kuimba, shingo zilikuwa zimekaa mbali na miili yao, na wakiinama ndani kote kunaonekana. Kiongozi wao alinirudishia zote akaniambia, "Mwanangu, zitazame polepole." Nilizitazama usiku mzima. Uzito wa blauzi yenyewe ulikuwa umezivuta shingo zilipokuwa zinaning'inia bila kushikwa na kitu.

Tangu siku hiyo, nikishakata shingo siondoki mezani kabla sijaizuia. Napitisha mstari mmoja wa mshono kwenye kitambaa kimoja tu, ndani ya nafasi ya mshono, karibu kabisa na pale mshono wenyewe utakapopita. Kama nafasi yako ni nusu inchi, mstari huu uuweke kidogo tu nje ya alama, upande wa ukingo, ili usionekane baadaye. Naanza begani kushuka hadi katikati, nakata uzi, kisha naanza bega la pili kushuka hadi katikati. Usizunguke moja kwa moja toka bega hili hadi lile, maana upande mmoja unaenda na nyuzi na mwingine unapingana nazo, shingo inalala upande. Ukimaliza, rudisha kile kipande juu ya karatasi uliyokatia. Kama kimezidi, vuta uzi mmoja wa mstari huo kidogo kidogo mpaka kilingane. Kazi hii haichukui dakika tano. Na vipande ambavyo havijashonwa vikunje uviweke bapa, usivitundike.

Sasa gamu, kile kitambaa cha kukazia chenye gundi tunachokibandika ndani ya nguo kwa pasi. Naona wengi hapa wanaisema vibaya, kwamba ikifuliwa inatoa mapovu kama ngozi iliyoungua. Mara nyingi sababu ni mbili. Ya kwanza, kitenge kipya kina wanga wa kiwandani. Gundi inashika wanga badala ya kushika nyuzi, na siku ukifua wanga unaondoka na gundi yake. Tena kitenge chenyewe kinarudi kikifuliwa wakati gamu haikurudi, basi lazima kimoja kivimbe. Kifue kitenge kabla ya kukikata, hata kama mwenye nguo ana haraka. Ya pili ni namna ya kupiga pasi. Watu wanaburuza. Gamu haiburuzwi, inabonyezwa: weka pasi juu ya kitambaa chembamba chenye unyevu kidogo, kandamiza, hesabu taratibu mpaka 10 au 15, inua, hamia pembeni. Kisha iache ipoe pale pale. Gundi inayeyuka kwa joto lakini inashika ikipoa; ukiikunja ingali moto umeibandua mwenyewe. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafanya kazi hii vizuri sana kwa sababu ya uzito wake, ila pulizia majivu nje kwanza, mbali na meza.

Ukienda dukani usiseme "nipe gamu" tu. Ishike. Kuna ya karatasi, ambayo haina nyuzi zilizofumwa. Hiyo ukiikunja inabaki na alama, na kwenye mkanda inavunjika pale pale unapojikunja. Kuna ya kitambaa, iliyofumwa, ina mtande na mshindio kama nguo yoyote. Kwa kiuno chukua iliyofumwa, ngumu kiasi, na uikate kwa kufuata mtande. Kwa shingo chukua iliyofumwa, nyepesi. Ya karatasi naiweka kwenye kola za sare za watoto na basi. Jaribu kila mara kwenye kipande kilichobaki, maana kuna vitambaa vya polista vinavyoharibiwa na joto la pasi.

Mkanda wa sketi yako, naomba uukague hivi: umeukata kwa upande gani? Nina hakika kwa asilimia kubwa kwamba umeukata kwa upana, kwa sababu wengi tunakata sketi kwanza, tunachukua mkanda kutoka kwenye mabaki, na mabaki huwa marefu kwa upana tu. Mkanda huo ndio unaoachia kidogo kidogo mchana kutwa. Kata mkanda kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, ukifuata ukingo. Maua yatalala upande, najua, lakini kwenye mkanda wa inchi moja na robo hakuna atakayeyaona.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nilinunua sketi nzito ya sufu pale soko la Memorial, ya mtumba, kiuno chake kilikuwa bado kimesimama ilhali pindo limeshachakaa. Nikaifumua nione. Ndani ya mshono unaounganisha mkanda na sketi kulikuwa na utepe mwembamba uliofumwa, umepita kiuno chote. Huo ndio uliokuwa unabeba mzigo; mkanda wa nje ulikuwa pambo. Utepe kama huo sikuupata madukani kwetu, nikakaa nikifikiri, mpaka nikauona kwenye ndoo ya takataka: ukingo wa kitenge. Ule tunaoukata na kuutupa. Unafuata mtande, umefumwa kwa kubana, hauachii hata ukiuvuta kwa nguvu.

Unaukata upana wa nusu inchi. Unaupima sawasawa na kiuno unachotaka, si kiuno cha sketi ilivyo, na unaweka alama za ubavu na katikati. Unaulaza juu ya mstari wa mshono upande wa ndani wa sketi, unaupiga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, kisha mshono wa mkanda unapita juu yake. Sketi yenyewe uiache ikizidi kiuno kwa nusu inchi hadi inchi moja, uigawe ile ziada taratibu kati ya alama na alama. Tumbo na nyonga zina mviringo, zinahitaji pa kukaa. Ukikata sketi ikalingana na mkanda kabisa, itapanda kutafuta sehemu nyembamba na mkanda utajikunja. Na kama kitambaa ni chepesi au cheupe, angalia maandishi ya ukingo yasionekane kwa nje.

Kujikunja kuna sababu nyingine: vipimo. Mpime mtu akiwa amekaa. Kiuno kinaongezeka mtu akikaa, kwa wengine inchi nzima au zaidi, na mkanda uliopimwa kwa kusimama unamkaba akiwa kwenye daladala au ibadani. Upana nao una mpaka wake. Mkanda ulionyooka ukizidi inchi moja na nusu unaanza kugombana na mwili, kwa sababu mwili unapanuka kwenda chini na mkanda haupanuki. Anayetaka mpana namkatia wa kupinda, vipande viwili, cha nje na cha ndani, vyote vina gamu, na ukingo wa kitenge nauweka kwenye mshono wa juu. Kiuno cha lastiki sitakieleza sana: ikiwa lastiki inajisokota ndani, ishonee kwa mstari wa wima kwenye mishono ya ubavu na itatulia.

Turudi shingoni. Kile kipande cha ndani, mafundi wa kanzu wana jina lake la zamani, kaba, nami nalitumia hata kwa blauzi. Kaba likate upana wa inchi mbili hivi, nyuzi zake zielekee kama za blauzi yenyewe, lipigwe gamu lote. Likishashonwa shingoni, punguza nafasi ya mshono, upande wa kaba uwe mfupi kuliko upande wa blauzi ili pasiwe na tuta. Tia vikato vidogo kwenye mviringo, visiguse mshono. Baada ya hapo ndipo penye dawa ya kuchungulia, na ndipo wengi tunaporuka: fungua kaba lilale upande mmoja na nafasi zote za mshono chini yake, kisha shona kwenye kaba, karibu sana na mshono, milimita mbili tu, ukishika kaba na zile nafasi bila kugusa blauzi. Mshono huo hauonekani kwa nje. Kazi yake ni kulivuta kaba ligeukie ndani lenyewe, hata bila pasi. Halafu ulishikize kwa mkono kwenye mishono ya mabega, nyuzi tatu nne, si kuzunguka shingo nzima.

Kwa nguo za kila siku za watoto, na kwa vitambaa vinavyoonyesha ndani, silitaki kaba. Naweka utepe wa mshazari, ule mafundi wa barazani wanaouita paipini, upana inchi moja na robo kabla ya kukunjwa. Hapa ule mvuto wa mshazari uliotusumbua ndio unaotusaidia, utepe unafuata mviringo bila kukunjamana. Uvute kidogo sana ukipita kwenye mviringo, ili shingo ikumbatie mwili. Pale palipo panyoofu usiuvute kabisa. Shingo ya V ibandike kipande kidogo cha gamu kwenye ncha, fupisha hatua za mshono inchi moja kabla na inchi moja baada ya ncha, kisha kata mpaka ibaki kama nyuzi mbili kufika kwenye mshono. Ukiogopa kukata hapo, ncha itakunjamana milele.

Kwa blauzi ya mama, kwa kuwa ni kitenge, inaweza kurudi. Fumua kaba. Pitisha mshono mrefu kuzunguka shingo, vuta uzi mpaka ilingane na karatasi yako, weka kitambaa chenye maji juu na ubonyeze pasi mpaka mikunjo ile midogo ilale. Blauzi zile 14 nilizirudisha hivyo. Polista isingekubali, hiyo dawa yake ni kukata kaba jipya pana zaidi na kuishusha shingo. Kwa sketi, fumua mkanda, tafuta ukingo wa kitenge chochote kilichokwisha kufuliwa, rangi yoyote, na uanze na alama za ubavu. Fanya mchana kwenye mwanga. Kitenge cheusi kama chako, usiku wembe unakata kitambaa ukidhani ni uzi.